Mishale Yote Ipite Kwangu

Jumatatu, 12 Mei
Nimetoka semina huko mjini Posta, siku nzima. Mwezeshaji kasema kazi ni mfumo: mawasiliano yakiharibika pahali pamoja, kote kunaharibika. Nimeandika yote! Na wakati ndio huu. Mama Fortunata, mwenye duka letu la vitenge, anafungua la pili. Jumamosi atamtaja msimamizi wake. Tupo wawili tu: mimi Isidori, miaka tisa kaunta, na Shamsa, miaka minne na mdomo. Nafasi hii nikiikosa sijui nitawatazamaje watu.

Jumanne, 13 Mei
Nimechunguza mfumo wetu. Aibu tupu! Stoo iko ghorofa ya nne. Mteja akichagua, Shamsa anatoka nje, anainua uso na kupiga kelele mpaka Nurdin wa stoo achungulie dirishani. Na vitenge wamevibatiza majina yao wenyewe: Mkeka wa Bibi Harusi, Shangazi Kaja. Nimechora mchoro. Mishale kumi na moja, yote inapita kwangu. Kelele marufuku. Majina marufuku, kila kitenge kina namba. Oda zije kwenye simu yangu, nami nimtumie Nurdin. Mama Fortunata aliutazama mchoro, akasema haya, tuone. Shamsa akauliza nikienda chooni itakuwaje. Wivu!

Jumatano, 14 Mei
Meseji tisini na tatu. Sijala. Saa tano nilikwenda chooni. Kurudi, wateja watatu wameshaondoka. Hawakuwa wanunuzi wa kweli. Jioni nimezipanga namba upya, zifuate rangi. Inapendeza sana! Nurdin nitampa orodha mpya nikipata nafasi.

Alhamisi, 15 Mei
Amekuja Candida, katibu wa kwaya moja ya Kigamboni. Majora kumi ya ule Mkeka wa Bibi Harusi, sare ya jubilei Jumapili. Mzigo uvuke kwa pantoni ya Magogoni leo leo. Fundi ameshapewa vipimo na ruhusa ya kuanza kukata. Saa yangu hii! Nikatuma: namba 14, majora kumi. Nurdin akajibu sawa. Belo likashuka limeshonwa. Shamsa akataka tulifungue tuangalie. Nikamwambia mfumo mzuri haufungui mabelo. Nilisema kwa sauti, Mama Fortunata asikie.

Ijumaa, 16 Mei
Saa moja asubuhi Candida kapiga simu, analia. Ni kuku! Majora kumi ya kitenge cha kuku wekundu, na fundi keshakata magauni ishirini. Mwalimu wa kwaya amekataa kabisa kumsifu Mungu na kuku kifuani. Orodha mpya ya namba ilikuwa bado mfukoni mwangu. Kwa Nurdin, 14 ni kuku.

Nikaanza kuandika meseji ya kueleza. Natuma nusu nusu. Shamsa hakusubiri. Akatoka nje akaita mara mbili tu, nao Mkeka wote ukawa chini kabla sijamaliza kuandika. Akaupeleka mwenyewe hadi kwa fundi. Nilimweleza Mama Fortunata kwamba kosa ni taarifa muhimu kwa mfumo. Akaniambia Isidori, mwanangu, nyamaza kidogo.

Jumamosi, 17 Mei
Shamsa.

Katajwa mbele ya duka zima. Nurdin anaondoka naye, Shamsa mwenyewe kamwomba. Nikapanda stoo nikalia katikati ya mabelo. Inauma, sitadanganya. Shamsa akanifuata na soda, akasema pole kaka, akashauri nijaribu kuwauliza wenzangu kabla ya kuwapangia. Soda ilikuwa baridi. Ushauri sikuuchukua.

Jumatatu, 19 Mei
Nimehamishiwa stoo! Wengine wangeona nimeshushwa. Mimi nimefikiri kimfumo: hakuna kinachotoka duka hili bila kupitia mlango huu, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Nimebandika utaratibu. Anayetaka jora apande mwenyewe na barua, agonge mara tatu, asubiri. Dirisha nimelipigilia misumari.

Saa kumi sasa. Huko chini nasikia wanaazima majora duka la jirani. Kwangu hakuna aliyegonga tangu asubuhi. Siku nzima, hakuna lalamiko hata moja! Mama Fortunata lazima alione hili.