Futikamba na Kondoo wa Blandina

Jumanne, 7 Juni 1983
Bwana mifugo amekuja hapa Qurus kutufundisha kuchagua kondoo jike. Tutazame upana wa nyonga, urefu wa mwili, kiwele. Nikaelewa mara moja! Nimeondoka kabla hajamaliza, wengine wasije wakaniwahi. Mke wangu Blandina amebaki kusikiliza na wanawake wenzake. Wana muda hao. Nimeazima futikamba kwa Lusia, fundi cherehani. Nimemwambia napima pazia.

Jumatano, 8 Juni
Nimepima kondoo wa nusu kijiji. Nimepigwa teke gotini. Mshindi ni wa jirani yangu Hhando, na inaniuma kuandika hivyo. Nyonga kama kitanda! Mkia mafuta matupu. Kwa upana ule lazima tayari ana mimba. Wa kwetu ni aibu: mifupa imetokeza mgongoni, tumbo linaning'inia. Minyoo, bila shaka. Tatizo, si wangu. Mama mkwe alimpa Blandina siku ya harusi, na Blandina alishasema kondoo huyo akitoka nyumbani, naye anatoka.

Alhamisi, 9 Juni
Blandina alikwenda mnadani. Nimebadilishana kondoo wetu na wa Hhando! Hhando alinitazama sana, akauliza kama sina swali lolote kuhusu kondoo wake. Nikamjibu kwamba mwenye futikamba hana maswali. Akakubali haraka mno. Maskini Hhando, nimemwibia mchana kweupe.
Jioni nimemwonyesha Blandina ule upana. Hakuutazama. Nikamsihi asubiri kondoo azae tu, atanishukuru. Amesema atasubiri. Amecheka kicheko nisichokipenda.

Jumapili, 26 Juni
Mapacha! Kwa Hhando!! Ile minyoo ilikuwa mapacha.
Watu wamenipa pole kanisani kama nimefiwa. Hhando akaeleza mlangoni, kwa sauti, kwamba yule mpana hajawahi kuzaa maishani mwake. Ndiyo maana kanenepa, chakula chote anakula peke yake. Wa Blandina kakonda kwa sababu kila mwaka ananyonyesha. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema alinipa nafasi ya kuuliza. Roho mbaya iliyoje! Blandina akaongeza kwamba bwana mifugo alimalizia na hilo hilo: msitazame umbo tu, ulizeni amezaa mara ngapi. Halafu akaenda nyumbani kufunga mizigo. Sasa yuko kwao Endabash.

Jumamosi, 2 Julai
Ugali umeungua tena. Nimelia kidogo. Nasingizia moshi, lakini namkumbuka Blandina, hata kama hajui kupima.
Nimekwenda kwa Hhando nikapiga magoti kwenye tope, mbele ya mkewe Evarista, aliyeita majirani waje waone. Hhando amenirudishia kondoo na pacha mmoja. Pacha wa pili kabaki naye, na yule mpana nimemrudishia. Kasema hiyo ni ada ya shule.
Nimekwenda mpaka Endabash, mama namvuta, mtoto begani, na shati langu limeloa mkojo wake. Blandina alimkumbatia kondoo kwanza. Mimi baadaye sana. Nimeapa mbele ya mama mkwe: sitagusa kondoo wa Blandina bila kumuuliza mwenyewe.

Jumapili, 11 Desemba
Hatari! Mwanakondoo kaacha ziwa, mvua imenyesha, majani tele, na kondoo wa Blandina ananenepa! Leo nimempima kwa siri. Nyonga zinakaribia za yule tasa wa Hhando. Blandina anamsifia tu, haoni msiba unaokuja. Lazima nimwokoe mke wangu.
Kosa langu la Juni nimelijua. Futikamba ilikuwa sawa, niliisoma kinyume. Uzazi uko kwenye wembamba! Na bahati iliyoje, Ignas wa ng'ambo ya korongo ana kondoo ambaye mbavu zake zote zinaonekana. Anakohoa. Hasimami bila kuegemea ukuta. Huyo si mapacha, ni watatu!
Blandina yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Ignas amekubali haraka sana. Kauliza kama nina swali lolote.
Nimemwambia sina.