Kialbania cha Mchonga Funguo

Jumanne, 6 Mei

Nimekwisha! Abdulmajid naye amepeleka posa kwa Shamsa niliyemposa. Mshenga wake amesema kijana anajua Kifaransa. Mimi nachonga funguo mtaa wa Gerezani. Nikakimbilia kwa muuza vitabu vya mtumba Kariakoo, nikapata kimoja kuhusu Kialbania na ndugu zake wa kale, ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya. Kilikuwa kimefungwa kamba pamoja na kingine cha maisha ya watu mashuhuri wa Tibet. Muuzaji akakataa kuvitenganisha. Haya, nimebeba vyote. Dar nzima nani anajua Kialbania? Hakuna! Nimemtuma Mudi, mshenga wangu, akaseme mimi, Sadalla, nakimwaga kama maji.

Jumatano, 7 Mei

Mzee Mwinyimvua, baba yake Shamsa, amefurahi mno. Anauza samaki soko la Feri, na mteja wake mmoja ni fundi wa meli. Mwalbania! Amemwalika chakula cha Ijumaa, baada ya swala, aje kuzungumza na mkwe mtarajiwa. Nimesoma hadi macho yanauma. Kitabu kinaeleza kwamba Kialbania ni tawi linalosimama peke yake, na kwamba kina undugu wa mbali na Kigiriki na Kisanskriti. Namna ya kumsalimu mtu hakisemi popote. Leo nimeharibu funguo nne.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefungua kile cha Tibet kwa woga tu. Nimeokoka! Mtawa mmoja wa kale alijitenga pangoni, akala majani hadi, wanasema, mwili ukageuka kijani. Wengine walinyamaza miaka. Kumbe ukimya nao ni usomi! Mudi ameenda kumweleza mzee kwamba niko kwenye nadhiri, sisemi neno mpaka Jumamosi. Mzee ameguna tu. Mguno huo nauwaza tangu adhuhuri.

Ijumaa, 9 Mei

Balaa. Mwalbania ni pande la mtu. Alinishika mkono, akauliza jambo kwa Kialbania huku akionyesha pazia ambalo Shamsa alikuwa nyuma yake. Nikaitikia kwa kichwa, kitawa. Akauliza tena. Nikaitikia. Mara ya tatu, nikaitikia kwa nguvu. Uso wake ukasawijika. Akamgeukia mzee na Kiswahili chake cha Feri.

"Mzee, pole. Nimeuliza kama anampenda binti. Anakataa. Mara tatu."

Sinia likaanguka nyuma ya pazia. Moyo nao. Kumbe kwao wengi huitikia kwa kichwa wakitaka kukataa! Kitabu hakikusema. Nikasimama, jasho linanitiririka, nikapiga kelele kwamba nampenda, nampenda, nampenda. Kwa Kiswahili kitupu.

Mzee akaosha mikono taratibu. Niliogopa ule utaratibu kuliko kofi.

"Sadalla, mimi sikuomba mkwe mkalimani. Njoo Jumapili, uniletee jambo moja la kweli."

Jumamosi, 10 Mei

Nimejifungia ndani. Mudi anasema niseme ukweli tu. Rahisi kwake, haposi yeye.

Jumapili, 11 Mei

Nilienda na Mudi. Kabla sijafungua mdomo, mzee akanionyesha kufuli la stoo lililogoma tangu juzi. Nikalifungua, nikamchongea ufunguo mpya palepale. Akasema hilo ndilo la kweli, na kwamba Shamsa ameshachagua. Shamsa mwenyewe akaniletea chai, akatabasamu. Nilitakiwa kunywa chai na kwenda zangu.

Lakini hofu! Abdulmajid bado ana Kifaransa chake. Je, wakibadili nia? Nikajikuta namwambia mzee kwamba, ukiacha funguo, nazungumza Kihiti. Mzee akaweka kikombe chini. Mudi akashika kichwa.

Hawajaelewa. Sasa nalijua kosa langu: nilichagua lugha yenye watu hai. Kihiti ni salama. Wasemaji wake wote walikufa maelfu ya miaka iliyopita. Nimehakikisha kitabuni mara mbili.