Waya wa Nyumba Tisa

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Alhamdulillahi! Leo nimemchukua Nanji. Si yeye, nyaya zake. Redio yangu ya betri ya lori ilikuwa inasikika kwa waya nyumba nne, yangu ikiwemo, kila nyumba na kisanduku chake cha sauti ukutani. Nanji wa dukani alikuwa na tatu. Kachoka: majirani wanataka taarabu, yeye anataka nyimbo za Bombei. Nikamwambia, niachie mimi lawama. Akaniachia, na ngazi juu yake.

Babu yangu aliingia Tabora na msafara, kituo kwa kituo. Mimi nakwenda nyumba kwa nyumba. Mtaa wetu una nyumba kumi, na Jumapili unachagua balozi wake. Mtu akikusikiliza sebuleni kwake, atakunyima kura? Wapi!

Jumatano, 7 Agosti

Nimeomba dua baada ya alfajiri, kwa sauti, kama nilivyozoea. Redio imezimwa, kimya, mimi na Mola wangu. Nikataja vitumbua, maana vya mke wangu Fakhria unaweza kuzibia pancha. Jua halijapanda, hodi! Semeni, mke wa jirani yetu Masele, na sahani ya vitumbua vya moto. Akasema ameona tu moyoni mwake kwamba nina hamu. Subhanallah! Sijawahi kujibiwa haraka hivi. Fakhria kanuna. Nilisikitika, nikala vyote.

Alhamisi, 8 Agosti

Zilibaki nyumba mbili zenye nyaya za Darwesh. Naye anautaka ubalozi, hana aibu. Nimempa baiskeli yangu, kanipa nyaya zake. Alikubali upesi mno, maskini, biashara haijui. Kanishika mkono, eti, Sheikh Humaidi, umeniweza.

Nyumba tisa! Ya kumi ni ya Elieza, fundi wa nguo. Hataki kisanduku, anasema kelele za cherehani zinamtosha. Shauri yake.

Darwesh ameanza kuzunguka na baiskeli akisalimia mlango kwa mlango. Magoti yatamuuma.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku tukufu, dua ndefu. Nimemweleza Mola yote. Kwamba Masele ni bahili. Kwamba Semeni anazidisha hiliki. Kwamba watu wa mtaa huu ni wema lakini vichwa vizito, na nikishapata ubalozi watafagia uwanja wangu kila asubuhi, tutaita kujitegemea. Machozi yalinitoka.

Jumamosi, 10 Agosti

Nanji kaniita pembeni. Anadai redio ikizimwa, visanduku vinarudisha sauti: nikisema kwangu, kwake anasikia. Akasema, Humaidi bhai, asubuhi omba kimoyomoyo. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Nikamwambia huyo unayemsikia ni muadhini. Tangu lini mdomo ukawa sikio? Amejuta kuniachia nyaya, basi.

Kurudi, nikakutana na Semeni na ufagio begani. Kaniuliza, shikamoo mzee, tuanze kufagia leo au tungoje kura? Baraza zima likaangua kicheko. Moyo wa kujitolea ulioje! Na sikuwa hata nimewatangazia.

Jumapili, 11 Agosti

Kura ni ya kusimama nyuma ya umtakaye. Nilifumba macho, nikasoma Fatiha, nikafumbua. Nyuma ya Darwesh mstari umepinda kona ya duka. Masele yumo. Semeni yumo na ufagio wake. Fakhria yumo! Anasema, baba, miguu imejiendea yenyewe.

Nyuma yangu, Elieza, futi yake shingoni. Peke yake. Akaninong'oneza, kwani watu hawa umewafanya nini? Nikamwambia, sijui, wallahi.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimetafakari sana. Aliyesimama nami ni mmoja, na ndiye pekee asiye na kisanduku. Nimeona haya. Kumbe rafiki wa kweli ndiye niliyemsahau! Leo nimempandia ngazi mwenyewe, nikamfungia chake bure. Alikataa, nikamshinda kwa ihsani.

Nyumba zote kumi sasa. Magharibi imeingia, redio nimezima. Natawadha, kisha nitakaa pale karibu na kisanduku, penye utulivu, nimwombee Elieza kwa sauti: Mola amjalie macho mazuri na ufundi, maana suruali aliyonishonea mguu mmoja uko Tabora, mwingine bado uko njiani.