Nilivyomwambia Mzee Barasa Kwamba Mikono Yake Ndiyo Mbovu

Nimeaibika leo, jamani, tena mbele ya wauza karoti. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua ufundi wa magari nimejifunza peke yangu, kwa kutazama video na kwa kuharibu gari la mjomba. (Mjomba amenisamehe. Gari bado.) Nina kibanda cha mabati hapa Kaptembwo na wateja wawili, na mmoja wao ni huyo mjomba. Kwa hivyo Mama Chebet alipokuja wiki iliyopita, nilijua huyu ndiye wa kunitoa. Ana pikapu tatu za kubeba viazi kutoka Mau Narok. Moja ilikuwa ikiingia shimoni, usukani unavutwa kushoto kama mbuzi anayekataa kamba.

"Ukitengeneza hii ikae sawa," akasema, "zote tatu utakuwa unaziangalia wewe."

Shida niliiona mapema. Tairi la mbele kulia lilikuwa jipya, la kushoto lilikuwa kipara na lina upepo kidogo. Hiyo ni sawa na kuvaa kiatu mguu mmoja na slipa mguu wa pili: kwenye lami utavumilia, kwenye mashimo utapepesuka. Nikafunga mawili yanayofanana, nikapeleka magurudumu yasawazishwe kwa mashine yasiwe mazito upande mmoja, nikapima upepo. Nikapima tena. Jumamosi jioni Mama Chebet akaijaribu mwenyewe, akarudi anatabasamu.

"Fundi, iko sawa. Jumatatu Mzee Barasa ataichukua twende shamba."

Hapo mtu wa kawaida angeenda kulala.

Mimi nilikaa nikijiuliza: na je, kwenye mashimo ya kweli? Jana Jumapili nikaichukua bila kumwambia mtu, nikapanda nayo hadi Mau Narok. Mvua ilikuwa imenyesha. Niliipitisha kwenye tope ambalo hata trekta huliogopa, na ikatii kila kona. Nikarudi naimba. Jioni nikaiosha ili Mama asijue ilitoka. Rimu nilizisugua kwa mswaki mpaka zikang'aa. (Mswaki wangu wa meno. Nimenunua mwingine.)

Leo asubuhi nikavaa ovaroli niliyoipiga pasi. Mkononi nilikuwa na ripoti ya kurasa nne, yenye michoro ya tairi kwa rangi tatu. Hakuna aliyeniomba ripoti.

Tukabanana watatu mbele. Mzee Barasa alishika usukani, Mama Chebet akakaa katikati, mimi nikawa dirishani. Mzee Barasa ni dereva wa Mama tangu zamani. Hana maneno mengi, na alikuwa akiendesha malori kabla mimi sijazaliwa. Tulipotoka Kaptembwo kwa ile njia mbovu, pikapu ikapita mashimo vizuri kabisa. Nikaanza kumsomea Mama ukurasa wa kwanza.

"Huyu kijana amejaribu," Mzee Barasa akasema.

Ningekufa wakati huo, ningekufa fundi mkubwa.

Tukaingia lami ya kwenda Njoro. Mzee akaongeza mwendo. Ilipofika sabini, usukani ukaanza kutetemeka. Ilipofika themanini, meno ya Mama Chebet yakaanza kugongana.

"Fundi, na hii ni nini?"

"Ni barabara, Mama."

"Barabara gani? Hii lami ni laini kuliko meza yangu."

Nikafungua ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimeandika sababu kumi na moja za usukani kutetemeka, na zote nilikuwa nimeziondoa moja moja. Kwa hivyo gari halikuwa na kosa. Kama gari halina kosa, basi… (Nawaomba mnisamehe kwa hili linalofuata.)

"Mzee," nikasema kwa heshima, "labda ni mikono. Unaushika usukani kwa nguvu sana. Unautetemesha."

Nilisikia hata mate ya Mama Chebet yakimezwa.

Mzee Barasa akapunguza mwendo, akasimama kando, akashuka. "Basi shika wewe, mwenye mikono laini."

Nikashika. Ilipofika sabini nilijiona kwenye kioo: mashavu yananirukaruka kama uji unaochemka.

Karibu na Njoro, Mzee akaniambia niegeshe mahali akina mama wanauza karoti. Akaazima kisu kwa mmoja wao, akanipa.

"Lala chini. Ingiza mkono upande wa ndani wa rimu."

Nikalala na ovaroli yangu ya pasi. Nikaingiza mkono. Nilichogusa kilikuwa kigumu kama tofali. Nikachokora kwa kisu, na bonge la tope likaanguka, ukubwa wa ugali wa watu wawili. Lilikuwa limeteremka usiku, likakaukia upande mmoja wa gurudumu. Kazi yote ya kusawazisha ya Jumamosi, bonge hilo lilikuwa limeifuta.

Mama Chebet akaliokota, akalitazama. "Hili tope jeusi ni la Mau Narok. Gari langu lilikuwa huko lini?"

"Jana, Mama."

"Jumamosi nilikuambia nini?"

"Kwamba iko sawa."

"Sasa ulienda kutafuta nini?"

"Nilitaka tu kuhakikisha."

Yule mama wa kisu alikuwa na beseni la karoti mbele yake, anaziosha. Alikuwa ameshaona rimu zinavyong'aa kwa nje, hata hakuinua kichwa. "Na ulipoosha ukaosha upande wa watu kuona," akasema. "Kijana, karoti huoshwa pande zote."

Wote walicheka, hata mwendesha boda boda aliyekuwa akipita zake. Mimi nilikuwa chini ya gari nikihesabu pikapu tatu zikiniaga.

Nilichokora magurudumu yote manne. Nikapanda, nikakaa nimekumbatia ripoti yangu. Mzee Barasa akaondoka polepole. Sabini, shwari. Themanini, shwari. Akainua mkono mmoja, akabaki na vidole viwili kwenye usukani, akavitazama kwa makini.

"Mama Chebet," akasema, "mikono yangu imepona."

Mama alicheka mpaka akaegemea bega langu. Alipomaliza kufuta machozi akasema, "Kesho nitakuletea hizo zingine mbili. Lakini nikikuambia kazi imeisha, iishe. Umesikia?"

Nimesikia. Nimeandika hata kwenye ukuta wa kibanda. (Mara mbili, kwa sababu maandishi ya kwanza yalikwenda upande.)

Sasa najua mko hapo mnataka kucheka. Sawa, lakini kila anayetaka kucheka kwanza alale chini ya gari lake aingize mkono.