Wafanyakazi Ishirini na Watatu wa Bwana Colin

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Daftari langu, hujambo? Umelalaje huko chini ya godoro? Mimi sijambo, ni magoti tu, lakini Bwana ni mwema. Ndengu zimeota vizuri hapa Kalamba, na magugu nayo hayajabaki nyuma.

Nina habari. Msichana wangu Wavinya amepata kazi! Miaka mitatu diploma imekaa sandukuni, na miaka mitatu nimefunga kila Ijumaa. Sasa kampuni ya Uingereza inayouza viti vya watoto inamtaka ajibu barua za wateja kwa kompyuta, akiwa hapa hapa nyumbani. Shida ni moja. Kampuni yao haijaandikishwa Kenya, kwa hivyo haiwezi kuajiri mtu hapa. Lazima ipate wenyeji wa kumwajiri kwa niaba yake: wamwandikie mkataba, wamlipe, wapeleke kodi serikalini. Mkubwa wao, Bwana Colin, anafikiria kampuni fulani ya Nairobi.

Nairobi! Kwani wao ndio waliomzaa? Jibu limenijia nikichambua mboga. Mwethya wetu! Kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Watu ishirini na watatu, cheti cha serikali kiko ndani ya fremu, na mwenyekiti ni mimi. Nitaitwa mwajiri. Mutanu, katibu wetu, ambaye amekimezea mate kiti changu tangu uchaguzi, atajua hajui.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwandikia Bwana Colin, Wavinya akiwa sokoni. Nimemwambia ukweli mtupu. Tumeandikishwa. Tunamwogopa Mungu. Tunafanya kazi pamoja, hatumwachi mtu peke yake.

Amejibu kabla chai yangu haijapoa. Ameniita Madam! Anasema anapenda sana watu wanaofanya kazi pamoja. Tujaribu wiki moja, wanasheria wake wakisoma karatasi. Mambo yakienda sawa, Wavinya atapata mkataba wa miaka miwili. Yakiharibika, nafasi itapewa mtu wa nchi nyingine.

Wavinya aliposikia alikaa chini. Aliniuliza kama najua kodi ya mshahara inalipwaje. Nikamwambia Mungu hufungua njia. Akasema njia hiyo ina fomu.

Jumatano, 5 Novemba

Muhuri wa kikundi uko kwa Mutanu. Amekataa kugonga karatasi za kumpelekea Bwana Colin mpaka kikundi kikae. Tumekaa kanisani baada ya maombi. Mutanu akasimama na sheria zetu mkononi, akasoma polepole kama mtu anayekula nyama. Kazi ikiingia kwa jina la mwethya, ni ya mwethya wote. Asiyefika atalipa kuku. Kwa hivyo Wavinya hawezi kuifanya peke yake.

Nilitaka kubisha. Lakini sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe, mwaka ule Mutanu alipokosa kuja kuchimba mitaro shambani kwangu. Tumepanga zamu.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumeanza saa mbili, kwa wimbo na ombi. Watu kumi na wanane sebuleni kwangu, benchi tumeazima kanisani.

Mama mmoja wa huko ameandika kwamba kiti chake kimefika bila skrubu mbili. Ilikuwa zamu ya Mzee Kiema, fundi wetu wa milango. Amemjibu kwa kidole kimoja: achonge kijiti cha mti mgumu, akigonge taratibu. Halafu akamuuliza mtoto ana miezi mingapi, na baba yake yuko wapi hata kiti kimeshinda watu. Mama akajibu kwamba baba aliondoka mwezi wa sita.

Kazi ikasimama. Tukamwombea. Ndinda, ambaye pia aliachwa, akamwandikia kurasa mbili.

Kufikia jioni tulikuwa tumejibu barua nne. Wavinya anasema mtu mmoja hutakiwa kujibu sitini. Nimemwambia hao wanne hawatatusahau.

Ijumaa, 7 Novemba

Bwana Colin amepiga simu ya video amwone mfanyakazi wake. Akamwona Mzee Kiema. Akauliza Wavinya yuko wapi. Wavinya alikuwa nyuma anaosha vikombe, maana leo zamu yake ni ya chai.

Akauliza tuko wangapi. Nikainua kompyuta awaone. Wakampungia mkono. Nikasema ni ishirini na wawili, mmoja ana malaria, asihesabu vibaya. Akauliza kama wote wana mikataba. Nikasema wana ahadi. Akauliza ni nani anayekata kodi. Mutanu akadakia kwamba kikundi chetu si cha faida, hakikatwi.

Bwana Colin akavua miwani. Akaifuta kwa muda mrefu sana. Nafikiri aliguswa.

Jumamosi, 8 Novemba

Msiba. Mutanu amemwandikia Bwana Colin bila kuniuliza, na muhuri juu. Kwamba tumemfanyia kazi siku mbili, sasa ni zamu yake kumfanyia mwenzake. Jumanne ni palizi kwa Mutanu. Aje na jembe, au atume mtu mzima mwenye nguvu. Asipofika, kuku.

Nilikasirika sana. Palizi yangu ndiyo iko mbele kwenye orodha! Nikamwandikia Bwana Colin hapo hapo kusahihisha: aanze kwangu.

Jibu limetoka kwa wakili. Kazi imesimamishwa.

Wavinya alisoma, akafunga kompyuta. Akasema, "Mwaitu, mama yangu, hii ilikuwa kazi yangu. Haikuwa shamba la mtu." Hakupaza sauti. Afadhali angenipigia kelele. Sikula.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetubu kanisani. Kwa ufupi, kwa sababu Mutanu alikuwa ameketi nyuma yangu.

Wavinya hakuja ibadani. Alikuwa anamwandikia Bwana Colin, peke yake. Alimweleza mwethya ni nini, akaomba aajiriwe kupitia ile kampuni ya Nairobi kama ilivyokuwa mwanzo. Jioni amejibiwa. Amekubaliwa, miaka miwili! Kumbe yule mama wa skrubu ameisifu kampuni, na anauliza Mzee Kiema anaendeleaje.

Mkataba una sharti moja, limeandikwa kwa herufi nzito. Mfanyakazi afanyie kazi mahali ambapo mama yake hayupo.

Wavinya amepata chumba Kasikeu. Alinikumbatia kabla ya kufunga begi. Nimelia. Nusu ilikuwa furaha.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimetafakari kwa maombi nikaona kosa lilipokuwa. Kosa ni Mutanu.

Binamu yangu Mbuvi wa Kyuso amenipigia simu. Kuna Mholanzi anayetafuta watu wa kupima uzito wa mbuzi huko kwao, na hana kampuni hapa Kenya. Bwana ni mwema! Nimeanzisha kikundi kipya, ukoo mtupu, bila Mutanu. Barua nimeshatuma. Safari hii nimeeleza kila kitu mapema ili asishtuke:

"Mpendwa Bwana, natumaini wewe na watu wa nyumbani kwako hamjambo. Sisi tutakuajiria mfanyakazi wako. Wako arobaini. Palizi kwangu ni Alhamisi, jembe nitakuazima. Tafadhali nijibu upesi."