Uzinduzi wa Daraja la Siafu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, Mheshimiwa Makamu wa kamati hiyohiyo, Bwana Altaf mwenye mashamba haya ya chumvi, masheikh, mapadri, wataalamu wa modeli, mliokaa na mliokosa viti. Itifaki imezingatiwa, lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nitaizingatia tena. (Makofi ya waliokaa.)

Ndugu wapagazi, kilio chenu nimekisikia. Kati ya mashamba haya na barabara ya Bagamoyo pana mkondo, maji yakijaa yanafika kifuani, mnavuka na gunia kichwani, mguu ukiteleza chumvi inayeyuka, na aliyeyeyusha gunia kesho yake haitwi kazini. Mliomba daraja. Ofisi yangu, ambayo katika tathmini iliyofanywa na ofisi yangu ilipata asilimia mia moja na nne (sauti: "Hizo nne kazitoa wapi huyu?"), haikukurupuka kununua mbao. Mbao ni fikra za kizamani. Sisi tulikwenda Lugoba kujifunza kwa siafu. (Kicheko. Mheshimiwa mgeni rasmi anadhani ni furaha, naye anacheka.)

Wataalamu wetu walilala kifudifudi majanini robo mwaka nzima, wakaumwa kimkakati, wakarudi na data. Siafu akikuta ufa hasubiri injinia. Anashika mguu wa mwenzake, naye wa mwenzake, mpaka linatokea daraja la miili mitupu, na jeshi zima linapita juu na mizigo yake. Hakuna nyapara anayefoka, hakuna kikao, hakuna posho. Modeli yetu ya kompyuta imethibitisha kwamba kila siafu anafuata kanuni mbili tu: ukikanyagwa mgongoni, tulia, ukiacha kukanyagwa, endelea na safari. Nilipoisoma nilitokwa machozi, maana ndiyo falsafa ya utumishi niliyoiishi tangu nipate cheo. (Bi Tabia, muuza uji: "Wewe si ndiye unayekanyaga, baba?" Watu wanashika mbavu.)

Ahsante mama kwa fidibeki. (Rajabu, mpagazi aliyetoka Kasulu, anainua mkono: "Shikamoo Mheshimiwa. Hilo daraja liko wapi? Maji yanapanda na mimi nina gunia huku.")

Marahaba kijana. Hilo ni swali la mtu asiye na modeli. Daraja unakuja nalo kazini kila siku, nalo ni mgongo wako. Simulesheni inaonyesha kwamba mkishikana mikono mkondoni, kwa ari na kapasiti bilding ya kutosha, magunia yatapita juu yenu makavu kwa asilimia tisini. (Rajabu: "Na sisi tutavuka lini?") Ninyi mko awamu ya pili. (Bi Tabia anaketi chini, uji umemwagika kwa kucheka.)

Siafu, oyee. (Wapagazi wanatazama maji.) Mgongo mmoja, taifa moja. (Sauti: "Wako au wangu?")

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wote mliofanikisha daraja hili, na kwa namna ya pekee Rajabu na wenzake watatu, walionibeba mabegani asubuhi hii, mimi na kiti changu, kuvuka mkondo ili nije kulizindua. Nilifika mkavu kabisa. Sasa naomba vijana hao wasogee wanirudishe, utepe uko ng'ambo. Rajabu? Rajabu, mwanangu, maji yanajaa. (Rajabu yuko katikati ya mkondo, anaelekea barabarani, gunia kavu kichwani.)