Ombi la Kurudishiwa "Njema" Yetu

Kwako Mwalimu Mkuu, mlezi wa watoto wetu,

Assalaam aleikum. Sisi hapa nyumbani hatujambo, hatuna neno, alhamdulillahi. Baada ya salamu, naleta mashtaka.

Mwalimu wenu mgeni, Bi Mercy, amewafundisha watoto wa darasa la nne kwamba mtu akiulizwa hali, aseme ilivyo moyoni. Lahaula! Sisi tumelelewa kujibu "njema" hata maiti akiwa ndani, kisha ndipo tuongeze: "ila baba ametutoka." Hiyo ndiyo adabu. Sasa tazama hasara ya somo hilo jipya:

1. Ami yangu Badawi alikuja kunywa kahawa, akamuuliza binti yangu Shifa habari. Akajibiwa si njema, anamlilia mamake marehemu. Ami akaketi naye mpaka adhuhuri. Kahawa yangu ikapoa, yote!

2. Ugonjwa umewaambukiza wakubwa. Musyoka, dereva wa malori ya Shimanzi, alisalimiwa barazani kwetu, akakiri ana hofu. Hofu, mwanamume mzima! Na wenzake badala ya kumcheka wakamsogezea nafasi.

3. Jirani yangu mjane, Bi Mwanaesha, miaka yote alikuwa akijibu "alhamdulillahi" tu, nasi tukimpita kwa raha zetu. Juzi amesema upweke wamnyima usingizi. Sasa wanawake wa mtaa walala kwake kwa zamu, na vicheko vyao vyaniamsha mimi, ambaye wallahi sina upweke wowote.

Kwa hiyo naomba Bi Mercy ahamishwe, au afundishe hesabu. Mtoto akizidiwa na huzuni, afanye kama waungwana: aingie bafuni, afungue mfereji, alie maji yakivuma, anawe uso, atoke akisema njema. Mimi nafanya hivyo tangu mke wangu afariki, na hakuna ajuaye.

Wasalimie walimu wote na bawabu. Wakijibu njema, tafadhali usiwadodose.

Ni mimi, mwenye moyo mkunjufu,
Kamaludin, Mji wa Kale

Nyongeza: Nimempa Shifa barua hii ailete shuleni, naye kaisoma. Akaniambia taratibu kwamba mifereji ya mtaa wetu imekauka tangu wiki iliyopita, nami kwa kilio sikutambua, na kila alfajiri yeye hunisikia. Hukaa nje ya mlango wa bafu, kimya, asije akanitia haya. Mwalimu, barua hii ichane. Muulize Bi Mercy kama anapokea watu wazima. Hali yangu si njema.